Madaraja ya huduma ya Fibre Channel

Madaraja ya huduma ya Fibre Channel ni taratibu za kusafirisha data katika Fibre Channel, teknolojia ya kasi kubwa inayounganisha seva na hifadhi za data. Hutofautiana hasa kwa mambo mawili: kama njia inatengwa kwa ajili ya poti mbili tu, na kama mpokeaji analazimika kukiri kupokea. Matatu ya kwanza yaliwekwa katika kiwango cha ANSI X3.230 cha mwaka 1994.

Daraja la 1 hushikilia njia nzima mpaka poti mbili ziachane. Ni kama simu ya mezani: wawili wakiwa wanaongea, wa tatu akipiga huambiwa laini inatumika. Uhakika upo, ila njia hubaki imeshikwa hata pasipo data ya kupita. Daraja la 2 halitengi njia, lakini kila fremu, yaani kifurushi cha data, hukiriwa, na isipofika mtumaji huarifiwa.

Daraja la 3 haliahidi kitu. Fremu, yenye mzigo usiozidi baiti 2,112, hutumwa bila kukiriwa. Ikitupwa njiani, hakuna anayeambiwa. Na ndilo lililotawala. Siri yake ni krediti za bafa: poti haitumi fremu mpaka jirani yake awe na nafasi ya kuipokea, na kila nafasi inapopatikana jirani hurudisha ishara ya R_RDY. Fremu hazifuriki ovyo, hivyo kupotea ni nadra. Ikitokea, itifaki ya SCSI iliyo juu yake, inayobeba amri za kusoma na kuandika kwenye hifadhi, husubiri, muda ukiisha hutoa amri upya.

Kwa diski hilo halina shida, maana amri hutaja anwani ya data. Tepu ni habari nyingine. Ikishasogea, ukirudia amri ya kusoma rekodi inayofuata utairuka ile uliyoikosa, na nakala ya akiba itakuwa na pengo. Kwa sababu hiyo kiwango cha FCP-2, kinachoeleza jinsi ya kupitisha SCSI juu ya Fibre Channel, kiliongeza amri za kuuliza uhamishaji umefikia wapi na kuomba sehemu iliyopotea itumwe tena.

Daraja la 4 liligawa njia katika sakiti pepe, kila moja na fungu lake la kasi. La 6 lililenga wapokeaji wengi kwa pamoja. Yote mawili yaliishia zaidi kwenye karatasi, na la 5 halikukamilishwa hata huko. Daraja F ni la swichi zenyewe zinapopashana habari za njia na anwani. Swichi hizo hizo zinazotupa fremu za wateja kimya kimya, kwa fremu zao hudai zikiriwe.