Kutoka Kilembe hadi Jinja: Kiwanda cha Kuyeyusha Shaba na Nafasi ya Kiswahili katika Sera ya Madini

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba nje ya nchi, na makontena 277 yakabaki katika bandari ya Dar es Salaam. Neno makinikia, ambalo awali lilijulikana na wataalamu wachache, lilienea ghafla bungeni, magazetini na vijiweni. Mwananchi wa kawaida akaanza kuuliza kwa nini mchanga huo uyeyushwe ng'ambo. Jambo ambalo halikutajwa sana katika mjadala ule ni kwamba Afrika Mashariki ilikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1956, makinikia ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, yaliyeyushwa Jinja, kando ya Ziwa Viktoria. Makala haya yanachunguza namna kiwanda hicho kilivyopatikana na kilivyopotea. Hoja kuu ni kwamba kuwa na tanuri nchini hakutoshi. Uhai wa kiwanda cha namna hii hutegemea umeme, njia ya kufikia bandari na maarifa ya kazi. Na maarifa ya kazi hayatengani na lugha inayoyahifadhi.

2.0 Umeme Ndio Uliochagua Mahali

Kilembe iko chini ya milima ya Rwenzori, karibu na Kasese. Kuwapo kwa shaba huko kulijulikana kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini bila reli mbale, yaani mawe yenye madini, haikuwa na thamani ya kibiashara. Hali ilibadilika katika muda mfupi. Mwaka 1950 iliundwa kampuni ya Kilembe Mines kwa mtaji uliotoka hasa Kanada. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, umbali wa kilomita zipatazo 330.

Mgodi ulikuwa magharibi, lakini kiwanda kilijengwa mashariki, kwa sababu umeme ulikuwa Jinja. Makinikia yalisafiri kwa behewa kupitia Kampala hadi kwenye tanuri. Kilichotoka hapo kilikuwa shaba ghafi, yenye malengelenge usoni yanayoachwa na gesi wakati metali inapoganda. Shaba hiyo ilipelekwa Mombasa kwa reli, kisha ikasafishwa ng'ambo. Kwa hiyo hata wakati wa ustawi wake, Jinja ilishika hatua moja tu kati ya hatua kadhaa za kuongeza thamani.

Mfano wa kulinganisha unapatikana Kitimat, katika pwani ya mbali ya British Columbia, Kanada. Kiwanda cha alumini kilianza kazi huko mwaka 1954, mwaka uleule wa Owen Falls. Kitimat nayo haikuwa na madini. Malighafi yake ililetwa kwa meli, na mahali palichaguliwa kwa sababu ya maji ya kuzalishia umeme. Tofauti ni kwamba kampuni ya Kitimat ilijijengea kituo chake cha umeme na ilikuwa na bandari mlangoni. Kiwanda cha Jinja kilinunua umeme kutoka Bodi ya Umeme ya Uganda, na kilitenganishwa na bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000 za reli inayopita katika nchi nyingine. Kitimat ingali inazalisha. Jinja ilinyamaza.

3.0 Sababu za Kuanguka

Katika miaka ya 1960 shaba ilishika nafasi ya tatu katika mauzo ya nje ya Uganda, baada ya kahawa na pamba. Muongo uliofuata ulileta mapigo mfululizo. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na nchi ikapoteza wafanyabiashara na mafundi. Bei ya shaba duniani ilishuka sana kuanzia mwishoni mwa 1974. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanyika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umekoma.

Kilichobaki Kasese kinafundisha pia. Mbale ya Kilembe ilikuwa na kobalti, lakini kiwanda hakikuitoa. Iliachwa ndani ya lundo la mabaki. Kwa miaka mingi mvua ziliyakokota mabaki hayo hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 ndipo Kampuni ya Kobalti ya Kasese ilipoanza kuitoa kobalti hiyo kwa kutumia bakteria. Kilichohesabiwa kuwa takataka katika kizazi kimoja kikawa mali katika kizazi kingine. Mgodi wenyewe ulikodishwa kwa wawekezaji wa Kichina mwaka 2013, na mkataba huo ukavunjwa mwaka 2017, mwaka uleule wa mjadala wa makinikia nchini Tanzania.

4.0 Lugha na Maarifa ya Kazi

Viwanda vya Uganda viliwakusanya watu wa makabila na nchi mbalimbali. Katika mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba mjini Jinja na Nakawa mjini Kampala, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha. Hata hivyo, kilibaki lugha ya mdomo kazini. Ripoti na mafunzo rasmi yalikuwa kwa Kiingereza. Kasoro haikuwa umaskini wa msamiati. Kiswahili kilikuwa na mbale, tanuri, mvukuto, kalibu, kusubu na mavi ya chuma, maneno ya wahunzi yaliyotangulia reli. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kwa raia wengi lugha hiyo ilihusishwa na mtutu wa bunduki. Ilipata cheo wakati ambapo viwanda vilivyoihitaji vilikuwa vinadhoofika.

Leo mazingira ni tofauti. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Mwaka huohuo ilitungwa sheria mpya ya madini inayosisitiza uongezaji wa thamani nchini. Sera hizi mbili zinatekelezwa kana kwamba hazijuani.

5.0 Hitimisho

Historia ya Jinja inawadai watunga sera majibu kabla jiwe la msingi la kiwanda kipya halijawekwa: umeme ni wa nani na kwa bei gani, njia ya bandari italindwaje nchi jirani zikikosana, mabaki yatahesabiwa kuwa nini, na fundi ataandika wapi anachokijua. Kwa swali la mwisho, chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Uganda na Japani, ni mahali panapofaa kuanzia. Miongozo ya uyeyushaji na usalama iandikwe humo kwa Kiswahili sanifu, na istilahi zake zioanishwe na zile za Tanzania na Kenya. Mjadala wa 2017 ulionyesha kwamba raia akipewa neno hupata pia uwezo wa kudai hesabu. Wafanyakazi wa Jinja waliyeyusha makinikia kwa zaidi ya miaka 20 kabla neno hilo halijawafikia.