Afisa wa Redio na Ufundi wa Mitambo Melini

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mitambo ya umeme iliyoongoza meli baharini ilitunzwa na mtu aliyesafiri nayo: afisa wa redio. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka 1912, wahudumu wa redio wa kampuni ya Marconi walitarajiwa kutuma na kupokea ujumbe tu. Matengenezo makubwa yalikuwa ya mafundi wa bandarini. Usiku wa Aprili 12, mtambo wa redio wa meli ya Titanic ulizimika. Wahudumu wake, Jack Phillips na Harold Bride, hawakungoja bandari. Walikesha wakitafuta ubovu, wakaukuta kwenye nyaya za transfoma zilizoungua, na kabla ya mapambazuko mtambo ulikuwa hewani tena. Usiku wa tarehe 14 meli iligonga siwa barafu. Mtambo huohuo ndio ulioiita meli ya Carpathia, iliyookoa watu zaidi ya 700.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, rada ilihama kutoka manowari hadi meli za biashara, na kazi ya ufundi ikawa ya hatari zaidi. Magnetroni, valvu inayotoa mawimbi ya rada, iliyobuniwa na John Randall na Harry Boot huko Birmingham mwaka 1940 ilihitaji umeme wa maelfu ya volti. Kuzima swichi hakukutosha, kwa kuwa kapasita huendelea kushika umeme. Ilibidi fundi aumwage kwanza ardhini kwa fimbo yenye mpini usiopitisha umeme, ndipo aingize mkono. Kabla ya kupanda mlingoti, rada ilizimwa na swichi kuwekewa tangazo, maana antena ikianza kuzunguka ghafla humwangusha mtu, na mawimbi yake kwa karibu huunguza mwili.

Valvu zilipoachia nafasi transista, ubovu ulipungua. Chumvi, mtikisiko na nyaya zilizo nje havikupungua. Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilitoka Bermuda kwenda Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa kilianza kukisia mahali meli ilipo kwa mwendo na mwelekeo tu, na alama ndogo ya onyo kwenye kioo haikutiliwa maanani. Pale darajani kilikuwapo kipokezi cha Loran, mfumo mwingine wa redio wa kuongoza meli, kilichoonyesha mahali sahihi. Hakuna aliyelinganisha viwili hivyo. Meli ilipanda fungu la mchanga karibu na Nantucket, ikiwa imeacha njia yake kwa takriban maili 17. Hasara hiyo yote ilianzia kwenye kiungio kimoja cha waya.

Februari 1, 1999, mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura, GMDSS, ulianza kutumika kikamilifu, na afisa wa redio akaondoka katika meli nyingi. Meli ziendazo mbali zikatakiwa kuchagua njia mbili kati ya tatu: vifaa vya akiba, mafundi wa nchi kavu, au matengenezo baharini. Nyingi zilichagua mbili za kwanza. Mabaharia wakabaki na ukaguzi: betri kila siku, antena na vihami vyake kila mwezi, na matokeo kuandikwa katika daftari la redio.