Zamani Mbio Zilitufuata

Jumamosi ya Pasaka mwaka 2024 niliamka saa tisa usiku hapa Kiplombe, nikapanda boda hadi Eldoret mjini, nikaingia matatu ya Nakuru. Nilikuwa na chapati nne, chupa ya chai na hela kidogo za makala niliyolipwa wiki hiyo. Mamangu aliona nimechizi. Mtu ameacha chuo, hana kazi ya mshahara, halafu anachoma pesa kwenda kutazama magari yakipita? Babu ndiye aliyenitetea, ila alinipa swali lililonikaa kichwani njia nzima: "Kwani siku hizi mnayafuata? Sisi yalikuwa yanatufuata."

Babu aliendesha Peugeot 404 ya abiria kati ya Eldoret na Nairobi miaka ya 1970. Akianza hadithi za Safari Rally, hata uji unapoa. Nilikua nikidhani anatia chumvi. Nilipoanza kusoma historia yenyewe ndipo nikagundua kwamba chumvi ilikuwa kidogo sana.

Mbio hizi zilianza kama sherehe ya watu wengine. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa London, na walowezi wapenda magari, Eric Cecil akiwa mmoja wao, wakaamua kumsherehekea kwa mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakaziita Coronation Safari. Zilianza tarehe 27 Mei. Sasa weka kalenda mbili pamoja. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini tangu Oktoba 1952, na tarehe 8 Aprili 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka saba ya kazi ngumu kule Kapenguria, mji ambao kutoka hapa kwetu unaufikia asubuhi na kurudi jioni. Wiki saba baadaye, katika koloni hiyohiyo, watu wakawasha injini kwa furaha ya taji.

Kwa hiyo mwanzoni hazikuwa zetu. Zilikujaje kuwa zetu?

Jibu langu ni barabara. Ufaransa, watu hutoka pembe zote za Ulaya kwenda Le Mans, ambako mashindano ya saa 24 yamefanyika tangu 1923. Unasafiri, unalipa, unaingia. Safari Rally haikuwa na lango. Magari yalipita katika barabara za kawaida, na barabara hizo hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na lori la mahindi, ng'ombe, punda milia na matatu iliyojaa pomoni. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele, na timu zenye pesa zikatuma helikopta kutangulia na kuonya kilichokuwa njiani. Kwa mwananchi, kiti cha mtazamaji kilikuwa ukingo wa shamba lake. Babu anasema aliyaona yakiteremka Tambach usiku, taa tupu, na kijiji kizima kilikuwa macho na blanketi mabegani.

Halafu kulikuwa na mvua. Mbio zilifanyika Pasaka, mvua ndefu zinapoanza, na ukiwa umewahi kutembea Kiplombe mwezi wa Aprili unajua matope yanaweza kumfanyia nini mtu mwenye haraka. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968, tena 7. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 gari hilohilo lilishinda mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania.

Hapo ndipo hadithi ya babu inapoingia. Peugeot ilitengenezwa Ufaransa, lakini cheti chake cha ubora ilikipata kwenye matope yetu. Tajiri aliyetaka gari la abiria hakuhitaji tangazo la gazeti, alikuwa ameliona likipita huku mengine yamezama. Babu alipewa usukani wa 404 kwa sababu hiyo. Na abiria walipomlalamikia kwamba anakimbia sana, walimuuliza swali moja tu: "Dere, unadhani wewe ni Joginder?"

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alishinda 1965 kwa Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, na mwaka uliofuata akaibuka mshindi kwa Datsun. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Na kumbuka hili: kwa karibu miaka 20, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka 1972. Washindi wote kabla yake walikuwa wakazi wa hapa. Wengi wao walikuwa Wazungu na Wahindi, ni kweli, na sisi Waafrika tulikuwa zaidi pembeni mwa barabara kuliko ndani ya gari. Ilichukua muda mrefu hadi miaka ya 1990 tumshangilie Patrick Njiru na Subaru yake.

Kisha mbio zikaanza kujikunja. Jina la East African Safari Rally, lililotumika tangu 1960, lilikoma baada ya 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977. Magari yalizidi kuwa na kasi, na zile kilomita zaidi ya 5,000 za zamani zikapunguzwa. Baada ya 2002, kwa sababu za pesa na usimamizi, Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, makao yake yakawa Naivasha, na sehemu za kushindania kasi, zilizofungwa kwa umma, zilikuwa kilomita 320 hivi kwa jumla. Aliyeshinda alikuwa Mfaransa, Sébastien Ogier.

Sitasema zamani ilikuwa bora. Barabara isiyofungwa ni hatari, na mimi nisingependa mdogo wangu asimame kando ya gari linaloruka. Lakini kitu kilichofanya sherehe ya walowezi iwe yetu ni kwamba ilipita mlangoni, na aliyekuwa hana nauli aliiona sawa na aliyekuwa nayo. Sasa mtu wa Kiplombe asiye na nauli anaisikia redioni.

Nilifika Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita, jua limeshapanda. Nilisimama saa mbili nzima. Gari la kwanza lilipokaribia nilimpigia babu simu na kuinua mkono juu. Mlio ulipita, ukaisha.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Lilikuwa Peugeot?"

"Hapana babu. Toyota."

Akanyamaza kidogo. "Haya, rudi mapema basi. Na usipande na dereva anayekimbia."