Kibaba cha Shuleni: Habari za Chakula cha Mchana cha Watoto wa Tandala

Tandala iko katika wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, juu ya milima ya Ukinga, mahali ambapo baridi ya Juni na Julai huweza kuleta sakitu juu ya majani ya viazi. Nchi hiyo ina rutuba. Viazi, mahindi, ngano, maharage na njegere hustawi, na mgeni apitaye njiani hudhani kwamba mtoto wa huko hawezi kukaa darasani na njaa. Dhana hiyo haipatani na hesabu. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa mkoani Njombe watoto 49 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 34. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huo ungali karibu na nusu. Ghala iliyojaa ni jambo moja, na mtoto aliyeshiba ni jambo jingine. Kati ya mawili hayo pana jiko, pana mkono wa mpishi, na pana kipimo. Habari za chakula cha shule ni habari za kipimo hicho: nani apimiwe, nani atoe, na hesabu ifuate kitu gani.

Zamani, kabla ya shule, kula kwa watoto kulikuwa na utaratibu wake. Kwa Wanyakyusa, jirani za Wakinga upande wa magharibi, Monica Wilson aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930 alieleza kuwa wavulana wa rika moja walikwenda pamoja kula kwa mama wa huyu leo na kwa mama wa yule kesho. Desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mtoto hakutegemea chungu kimoja kila siku, na mama alijua kuwa wageni wa mwanawe ni watoto wake kwa zamu.

Wamisionari wa Berlin waliingia Ukinga katika miaka ya 1890, na Tandala ikawa mojawapo ya vituo vyao. Shule ikaja pamoja na kanisa, na rika likapata jina jipya: darasa. Baadaye, chini ya Waingereza, umri wa mtoto ndio ulioamua mahali pake pa kula. Katika miaka ya 1950 darasa la kwanza hata la nne lilisomwa katika shule za kutwa, na la tano hata la nane katika shule za kati, ambazo nyingi zilikuwa za bweni. Mdogo alirudi nyumbani kwa mama yake. Mkubwa alilishwa na shule. Waliofika bwenini walikuwa wachache, basi chakula cha shule kikawa fungu la wachache.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia shamba. Hapo chakula kikahesabiwa kwa jembe la mwanafunzi mwenyewe. Wazo lilikuwa jema, lakini nguvu za jembe hazilingani: mtoto wa darasa la kwanza hawezi kulima kama wa darasa la saba, ijapokuwa tumbo lake nalo hulia saa sita. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwisho wa mwaka 1977 madarasa yalikuwa yamefurika. Shamba la shule halikukua kwa kadiri ya wanafunzi. Tangu mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka chakula shuleni katika mikoa ya ukame kama Dodoma na Singida, lakini nyanda za juu kusini zilihesabiwa kuwa nchi za neema. Mwenye shamba aliambiwa ajilishe.

Kisha kikaja kipimo cha tatu, mchango wa mzazi. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kutoka elimu ya awali hata kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Wazazi wengi nchini walifahamu kuwa hata mahindi ya uji yamefutwa, na majiko ya shule nyingi yakapoa. Maelezo yaliyofuata mwaka huo yaliweka chakula cha mwanafunzi wa kutwa miongoni mwa majukumu ya wazazi. Tangu hapo kazi imekuwa ya mikutano ya vijiji na kamati za shule: kukubaliana kiasi cha mahindi na maharage, na ujira wa mpishi.

Hapa ndipo umri wa watoto unapoingia kwa nguvu. Mtoto akipimiwa gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo, hupata kilo 19 na ushei, yaani kama debe moja kwa mwaka. Debe moja si jambo kubwa. Lakini mkutano uhesabupo kwa kichwa cha mtoto, nyumba yenye mmoja wa awali, mmoja wa darasa la sita na mmoja wa sekondari hudaiwa madebe matatu, pengine katika shule mbili zenye kamati mbili. Tena yule wa awali aghalabu hurudi nyumbani kabla ya makande kuiva. Na yule wa sekondari, atembeaye mbali kuliko wote, ndiye alaye zaidi. Kipimo kimoja kwa matumbo matatu huonekana haki machoni, lakini jungu la mama hujua kuwa sicho.

Uzito wa jambo hili Makete ni mkubwa kuliko mahali pengi. Uchunguzi wa miaka 2011 na 2012 ulikuta watu 14.8 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wana virusi vya UKIMWI, na nchi nzima 5.1. Ugonjwa huo uliwaacha bibi wengi na wajukuu wa umri mbalimbali chini ya paa moja: midomo mingi, majembe machache. Kwa jirani mwenye mtoto mmoja na ng'ombe wawili, mzigo wa bibi huyo ni kanda la usufi.

Mataifa mengine nayo yamekutana na tatizo hili. Uingereza, iliyotunga sheria ya chakula cha shule mwaka 1906, iliamua kuwa tangu Septemba 2014 wanafunzi wote wa madarasa matatu ya mwanzo katika shule za serikali za England wale bure. Lakini mtoto apandapo darasa, haki hiyo humkoma, ingawa nyumba ni ile ile. Tanzania yenyewe ilikwisha kukiri tofauti ya umri katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao mwanzoni ulitoa kwa mwezi shilingi 2,000 kwa mtoto wa msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hata cha nne, na 6,000 kwa wa kidato cha tano na cha sita. Kaya ikawa mlango, na umri ukawa kipimo ndani yake.

Basi somo la miaka hii yote si gumu. Bweni lilimtazama mkubwa, shamba lilimtazama mwenye nguvu, debe humtazama mtoto mmoja mmoja. Na kila kimoja kiliisahau nyumba watokamo watoto wote. Mkutano wa kijiji hauhitaji fedha mpya ili kurekebisha hesabu. Wahitaji kuuliza kwanza nyumba ina wangapi, wa umri gani, na ina mikono mingapi ya kulima. Kisha uweke ukomo kwa nyumba yenye wengi, na usimwondoe mezani mtoto ambaye debe lake halikufika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si haki haba zote zitoke katika ghala ya mtu mmoja.