Chipu Moja na Kiti

Mwaka 1977, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, dola iliyoandikwa kwenye chipu ya mashindano makuu ya poka ilikuwa dola kamili. Wachezaji 34 walilipa dola 10,000 kila mmoja, Doyle Brunson akawamaliza wote na kuondoka na dola 340,000, yaani kila kitu. Mwaka uliofuata wakaja 42. Bobby Baldwin alipomaliza kazi, chipu zote zilikuwa mbele yake, za dola 420,000. Akalipwa 210,000.

Hakuna aliyemwibia. Waandaaji walikuwa wameamua kwamba kuanzia mwaka huo zawadi zigawanywe, mshindi achukue nusu, na waliomkaribia wapate kinachobaki. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala tu, lakini kwangu ndio uliobadilisha maana ya chipu. (Nazungumzia chipu za poka, si chipsi mayai.)

Kabla ya hapo poka ilikuwa hasa mchezo wa pesa taslimu. Hata mashindano haya, yalipoanza mwaka 1970, yalikuwa michezo ya pesa tu, na bingwa, Johnny Moss, alipatikana kwa kura za wachezaji wenzake. Katika mchezo wa namna hiyo chipu ni pesa iliyovaa nguo nyingine. Zikipungua unaingiza mkono mfukoni na kuongeza; ukichoka unazibadilisha na kwenda zako. Wala rundo kubwa halikupi ubabe wa bure, kwa sababu kanuni ya meza inasema huwezi kumdai mtu zaidi ya alichonacho mbele yake. Wewe una 5,000, yeye ana 200: mnachezea 200.

Mashindano hayana mfuko wa kurudia. Zikiisha, umetoka.

Hapo ndipo anapoingia Jack Straus, Mteksasi mrefu kupita kiasi, ndiyo maana wakamwita Treetop, kilele cha mti. Mwaka 1982, kwenye mashindano hayohayo, inasimuliwa kwamba alisukuma chipu zake katikati, akashindwa, akainuka kuondoka. Ndipo ikaonekana chipu moja ya 500 imejificha, wengi wanasema chini ya leso ya karatasi. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kukaa tena. Wasimulizi hawakubaliani juu ya ilipokuwa chipu ile, ila mwisho hauna ubishi: Straus alimshinda Dewey Tomko na kuwa bingwa. Tangu hapo, kila anayebakiwa na kidogo huambiwa maneno yaleyale: chipu moja na kiti vinatosha.

Msemo huo una watoto wengi yatima. Straus mmoja anakumbukwa. Maelfu waliobaki na chipu moja na kuipoteza dakika tatu baadaye hawana msimuliaji. Hata hivyo siutupi, kwa sababu ndani yake mna hesabu.

Mwaka ule wachezaji walikuwa 104, na fungu lilikuwa dola 1,040,000. Straus, akiwa na chipu zote, alilipwa 520,000. Kwa mshindi, basi, kila dola ya chipu ilikuwa na thamani ya senti 50. Nusu nyingine ilikwenda kwa watu ambao, wakati huo, hawakuwa na chipu hata moja. Maana yake ni kwamba kadiri rundo linavyokua, kila chipu inayoongezwa ina thamani ndogo kuliko iliyotangulia, na ya mwisho kabisa mkononi mwako, ile inayokushikilia kwenye kiti, ndiyo ghali kuliko zote.

Mwaka 1987 Mason Malmuth aliandika namna ya kukokotoa jambo hili, kwa fomula inayofanana na ile ambayo David Harville aliichapisha mwaka 1973 akihesabu nafasi za farasi mbioni. Matokeo yake yanachekesha. Wachezaji wawili wakiwekeana kila kitu kwa nafasi sawa, nusu kwa nusu, wote wawili kwa wastani wanapoteza pesa. Wanaofaidika ni waliokaa pembeni na kunywa maji. Tembo wanapigana, nyasi zinanenepa.

Lakini ughali wa chipu ya mwisho si sababu ya kuiatamia kama yai. Paul Magriel, mwanahisabati aliyewahi kuandika kitabu maarufu cha bakgamoni, alipima rundo kwa muda: gawanya chipu zako kwa gharama ya mzunguko mmoja wa madau ya lazima. Una 3,000 na mzunguko ni 150? Unaweza kukaa mizunguko 20. Madau yakipanda mzunguko ukawa 600, umebakiwa na mitano, ingawa hujapoteza chipu hata moja. Dan Harrington, bingwa wa 1995, alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2005, akishauri kwamba chini ya mizunguko mitano umebaki na mambo mawili: kuweka zote au kutupa karata. Anayesubiri ree mbili zimwokoe analipia kusubiri kwake.

Straus hakusubiri. Chipu moja huwezi kuichezea nusu. Aliirudisha katikati, ikawa mbili.

Alifariki mwaka 1988, katika kasino moja ya eneo la Los Angeles, akiwa mezani anacheza.