Saa ya Haile Selassie, na zile zilizovuliwa njiani

Wenzetu, mkipita Busia, upande wowote wa mpaka, mtakuta wachuuzi wa saa za mkono. Nyingine zina kidirisha chenye mwezi na nyota. Kwenye saa za bei rahisi huo mwezi mara nyingi ni pambo tu. Lakini ziko saa ambazo mwezi wake unatembea kweli, na leo tunaongea kuhusu moja, kwa sababu mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi kama sisi.

Ni Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Waitalia walivamia nchi yake Oktoba 1935. Mei 1936 alipanda treni mpaka Djibouti, na mwishowe akafika mji wa Bath, Uingereza. Tarehe 30 Juni mwaka huo alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akaomba msaada. Hakuupata. Ndani ya wiki chache hata vikwazo walivyokuwa wamewawekea Waitalia viliondolewa. Alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941.

Mwaka 1954 alikwenda tena Uswisi, safari hii kama mgeni wa serikali. Inaelezwa kwamba hapo ndipo alipopewa zawadi ya saa ya dhahabu ya Patek Philippe, aina ya 2497. Haina betri. Ni springi na magurudumu madogo yenye meno. Juu kuna vidirisha viwili, cha siku na cha mwezi; chini kuna mshale wa tarehe, na hapo hapo mwezi wa angani unaonekana ukikua na kufifia kwa siku 29 na nusu. Ikiachwa itembee bila kusimama, inajua yenyewe Februari ina siku 28 au 29, na haihitaji kurekebishwa tarehe mpaka mwaka 2100. Fundi aliyewaza hivyo tunamvulia kofia.

Sasa cheka kidogo: kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, na Waethiopia huhesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi Waswahili, saa moja ni jua likishatoka. Kwa hiyo zawadi hiyo haikuwa na kalenda ya mfalme wala hesabu ya saa zake. Mwezi wa angani tu ndio ulikuwa mmoja.

Alipinduliwa Septemba 1974, akatolewa ikulu kwa kagari ka Volkswagen, akafa mwaka uliofuata akiwa kizuizini. Miaka mingi baadaye ile saa ikatokea kwenye mnada Geneva. Mara ya kwanza iliondolewa kwa sababu ya mzozo kuhusu mwenyewe halali. Mwaka 2017 ikauzwa, karibu dola milioni 2.9.

Wengi watashangaa bei. Sisi tunashangaa kwamba kulikuwa na mtu wa kusimamisha mnada akauliza, hii ni ya nani?

Maana hapa kwetu mambo yalikuwa mengine. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walipanda treni ya Kampala kwenda Mombasa, inayopita Tororo kabla ya kuingia Kenya. Pesa waliruhusiwa kidogo sana, kwa hiyo mali ilibaki ile ya kuvaa: bangili, mkufu, saa. Askari walilijua hilo. Waliosalimika wamesimulia tena na tena jinsi walivyovuliwa saa kwenye vizuizi vya barabarani na ndani ya treni.

Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kurudisha mali zilizochukuliwa, na baada ya 1986 wengine walirudishiwa kweli majumba na maduka. Nyumba ina hati, na haihami. Lakini saa iliyovuliwa mkononi usiku, na askari asiyetaja jina, utaidai ofisi gani?

Baadhi yetu tulivuka hapo hapo Busia na Malaba tukiwa watoto, Januari 2008, vurugu za uchaguzi Kenya, tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, halafu Kiryandongo. Wazee wetu wakiorodhesha walivyopoteza huanza na shamba, nyumba, ng'ombe. Vitu vidogo huja mwisho, sauti ikishashuka. Tumeanza kuviandika hivyo pia kwenye daftari la kikundi: ilikuwa ya nani, ilichukuliwa wapi, mwaka gani. Mwenye chake alete.