Sabule ya Arlington: mgeni wa kulala, tangu pepo za kaskazi mpaka Rita



Ukarimu wa Waswahili tunauandika mara nyingi kana kwamba ni tabia tu, kitu cha moyo tulichozaliwa nacho. Mimi naleta hoja tofauti kidogo: ukarimu wetu ulikuwa utaratibu. Ulikuwa na chumba chake, vyombo vyake na kalenda yake. Hilo nililijua kwanza kwa vitabu, halafu nikalijua kwa aibu, hapa hapa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, Septemba 2005.

Tuanze mbali. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu. Anaeleza kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, humkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutamka kuwa huyo ni mgeni wake. Basi mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alipokewa na kadhi, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, imetandikwa mazulia na kila kinachohitajika kimo. Wali wa samli, nyama, samaki, ndizi za maziwa, achari ya ndimu na embe, mara tatu kwa siku. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaendelea Kilwa.

Angalieni hapo: nyumba ilikuwa imetandikwa kabla hajafika. Hakuna aliyekimbia kuazima godoro.

Nendeni Lamu mkatazame nyumba za mawe za karne ya 18. Wenye uwezo walijenga sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na ndani kwenye familia. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi, tuseme Disemba au Januari, hakuweza kurudi Arabuni mpaka kusi ivume, Aprili na kuendelea. Huyo si mgeni wa chai. Ni miezi. Ukimchanganya na watu wa nyumbani, stara inavunjika. Ukimwacha barazani, biashara inavunjika. Sabule ilitatua yote mawili. Na kwa kuwa upepo una majira yake, mwenyeji alijua lini kufua shuka.

Sasa turudi Texas. Agosti 29, 2005 Katrina ilipiga Louisiana, na maelfu wakaletwa Houston na Dallas. Wiki tatu baadaye ikaja Rita, ikielekea pwani yetu. Watu wapatao milioni mbili na nusu au zaidi walitoka Houston na vitongoji vyake, na wengi walishika barabara ya I-45 kuja huku kaskazini. Mwendo wa saa nne ukawa wa saa ishirini na zaidi. Petroli iliisha njiani, joto kali. Alfajiri ya Septemba 23 basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee lilishika moto karibu na Wilmer, kusini ya Dallas. Wakafa 23.

Sisi tulikuwa tunangojea familia moja ya kutoka kusini-magharibi mwa Houston, watu saba, pamoja na bibi yao. Mama watoto alipika pilau la watu kumi na tano, likawa tayari magharibi. Wageni walifika kesho yake adhuhuri. Bibi aliposhushwa garini hakutaka pilau wala salamu ndefu. Alisema, "Mwanangu, nionyeshe choo, nipe maji, na mtu anifulie kanga hii." Kopo la chooni hatukuwa tumeliweka. Kandambili hazikutosha. Dawa zake zilitaka baridi, na friji ilijaa pilau. Tulikuwa tumeandaa sherehe, wao walihitaji malazi.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Usiku ule wa kungojea, mtu nisiyemjua alinipigia simu. Namba yangu alipewa na rafiki. Ni mtu wa Mombasa, yuko I-45 na mke na watoto wawili, je, pana nafasi? Nikamwambia, "Samahani ndugu yangu, nyumba imejaa."

Haikuwa imejaa. Nilikuwa na chumba kimoja nimekifunga kwa ufunguo. Kilikuwa na meza yangu, vitabu na makaratasi ya utafiti, mengine, Mungu anisamehe, juu ya ukarimu wa pwani. Baadaye nilisikia walilala garini siku mbili, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mogadishu mwenyeji alipanda mashua kumfuata mgeni asiyemjua. Mimi mgeni alinifuata kwa simu, nikamrudisha.

Siku ya tatu bibi alishika ufagio mwenyewe, akacheka: "Jembe hapa Marekani hamna, nipe hili." Methali ile tunaisema kama kumfukuza mgeni. Nilivyomwona, ilikuwa kumpa heshima ya kuwa mtu wa nyumbani.

Rita ilitua Septemba 24, karibu na mpaka wa Texas na Louisiana, Houston ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Wageni wakarudi. Ramadhani ilipoingia mapema Oktoba nilikuwa nimeshahamishia vitabu sebuleni.

Chumba kile sasa ni sabule. Kila mwaka kabla ya Juni 1, msimu wa vimbunga unapoanza, tunafua shuka na foronya, tunahesabu mikeka, tunaweka kopo, kandambili, kanga mbili safi, msala na ufunguo wa akiba. Mwaka 2017, Harvey ilipokuja, meya wa Houston hakuamuru watu wahame, kwa kuogopa kujaza mamilioni barabarani; kumbukumbu ya 2005 ilikuwa bado mbichi. Waliokuja kwetu walikuja maji yalipopungua, wakakaa wiki sita. Na Februari 2021, baridi ilipokata umeme sehemu kubwa ya Texas, sisi ndio tuliobeba shuka zetu na kwenda kulala kwa watu.

Yule mtu wa Mombasa sijawahi kumpata nimwombe radhi. Namba ile haikushika tena.

Naomba kuwasilisha. Wenye habari za sabule za Pate, Siu na Unguja, tafadhali mwageni tujifunze.